Panapofuka Moshi

Hospitali ya Ibra, saa nane za usiku.
Chumba cha upasuaji kina baridi yake moja,
Januari au Julai, hakijui nje kuna jua gani.
Bi Moza binti Hamdun, miaka sabini na mbili,
mzaliwa wa Chake, mkaazi wa Mudhaibi,
nyongo imemvimba, homa imemkausha midomo,
kanishika kidole gumba, hicho kimoja tu:
"Mwanangu, nikizinduka niite kwa Kiswahili.
Kiarabu changu huchelewa kuamka."

Dawa nyeupe kama maziwa ikapita mshipani.
Alianza kuhesabu, akaishia nne.

Daktari Thuwaini yuko kazini tangu jana asubuhi.
Akainama, akachungulia koo, akapitisha mrija.
"Umeingia."
Nikaunganisha. Nikabana mfuko.
Kifua kilipanda, au nilitaka kipande.
Oksijeni tisini na tisa, rangi ya buluu,
na mlio wake, tii, tii, tii,
kama mtoto anayesema ndiyo kwa kila kitu.

Lakini chini yake, mstari wa hewa ukaa,
ule ambao kila pumzi huuinua tuta,
ulikuwa umelala
kama uzi ulioanguka sakafuni.

Bibi yangu, nyumba ya Wadi Hattat,
alinifundisha chetezo kabla ya kunifundisha kusoma:
ukiweka ubani na moshi usitoke,
usiulaumu ubani.
Umeuweka pasipo moto.

"Subiri," alisema daktari, "huenda kipimo kimeziba."
Huenda.
Neno hilo limezika watu, na hakuna aliyelishitaki.
Oksijeni ni akiba tu, bibi alishaivuta kwanza,
ataila dakika mbili, tatu, na skrini itacheka
mpaka siku ya kutazama mkoba ukute mtupu.

Nikachomoa kijibomba cha kipimo,
nikakiingiza chini ya barakoa yangu, nikapumua.
Tuta.
Kipimo kizima. Mimi ninawaka.
"Dokta, mrija uko tumboni. Utoe."
Sauti ilitoka kubwa kuliko cheo changu.
Dokta Kuriakose, mikono imeoshwa, imeinuliwa,
akatazama taa ya dari kana kwamba inamhusu.

Tisini na saba.
Tisini na nne.
Thuwaini akautoa.
Barakoa usoni, yeye taya kwa mikono miwili,
mimi mfuko: mara moja, mara ya pili,
tuta dogo,
tuta,
tuta,
thelathini na tisa, namba ya mtu yeyote
anayengoja basi au kumenya vitunguu.
Safari ya pili aliomba kamera,
na mrija ukaenda njia yake.

Kisha wakamjaza tumbo gesi ile ile, ya mtungi,
ili kamera nyingine ipate nafasi ya kutembea.
Arubaini na sita. Hamsini na moja. Hamsini na nane.
Moshi ukizidi ndani ya nyumba
hauulizi nani aliuomba.
Nikaongeza pumzi za mashine, nikasema,
"Dokta, punguza shinikizo,"
naye akapunguza, hakuuliza kwa nini.

Alfajiri, ukumbini, vikombe viwili vya karaki.
"Nilikisikia kifua," alisema Thuwaini.
"Hata mimi nilikiona kikipanda."
Akaandika yote kwenye faili, dakika kwa dakika,
na jina lake chini, bila kulifinya.

"Bi Moza. Bi Moza, fumbua macho."
Jicho moja kwanza, lina hasira.
"Koo linaniwasha. Mmenilisha nini nyie?"
Ndani ya barakoa ya plastiki
ukungu ukaja, ukaenda, ukaja.
Zamu yangu ilikuwa imekwisha kitambo.
Nilisimama pale, nautazama.